Keki ya Mtu Mmoja

Nataka kuwasimulieni habari ya keki ndogo, ndogo kiasi cha kuokwa ndani ya kikombe cha bati. Pengine mtasema mwalimu huyu amekosa la kuandika, lakini nivumilieni.

Mama yangu anakaa peke yake kwenye mtelemko wa Mlima Meru, juu ya Tengeru. Tulizaliwa watoto saba, na miaka mingi alipika sufuria moja kubwa ya ndizi na maharage, wala haikubaki kitu. Baba alipofariki, nasi tumekwisha kutawanyika, mimi nikifundisha mjini Arusha, jirani alinipasha habari kwamba mama hapiki tena. Asubuhi chai, na jioni chai. Nalipomwuliza alinijibu, "Baba, sufuria yangu haijui kumpikia mtu mmoja."

Kwanza nalimletea keki kubwa ya dukani. Kabla sijamaliza kunywa maji, alikwisha kuwaita watoto wa majirani wote, akawagawia, yeye akabaki na makombo. Hakukosa, ndivyo alivyotulea sisi, kwamba mla peke yake ni mchoyo. Lakini nalirudi mjini na uchungu, maana nalikuwa nimeiona mifupa ya mabega yake.

Ndipo nilipokumbuka chuoni, ambako tulijipikia wenyewe. (Wanaume watakaocheka na wacheke.) Jumamosi, siku ya soko la Tengeru, nalinunua ndizi za kisukari zilizoiva hata ganda likawa na madoa meusi. Naliponda moja, nikatia unga wa ngano vijiko vinne vya chakula, sukari kijiko kimoja, mafuta kijiko kimoja, na mtindi vijiko viwili. Yai ndilo lililonisumbua, kwa kuwa yai halikatwi nusu. Nalilipiga bakulini, nikachota vijiko viwili, lililobaki nikalikaanga.

Kisha magadi soda, yale meupe ya dukani, si magadi ya mawe kama ya Ziwa Natron. Yakikutana na uchungu wa mtindi hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iinuayo unga. Kwa hiyo usikawie kuoka. Mara ya kwanza nalitia nusu kijiko cha chai. Keki ikapanda, ikamwagika ukingoni, ikaanguka, nayo ilikuwa na ladha ya sabuni. Mji wa Arusha wenyewe uko yapata meta 1,400 juu ya bahari, na mahali pa juu kama huku hewa ni nyepesi, unga huinuka upesi kuliko pwani. Mara ya pili nalitia kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu, ikatosha.

Nalitandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria ile ile kubwa, nikasimamisha kikombe juu yake, nikafunika. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 25 hivi nalichoma kijiti katikati, kikatoka kikavu.

Mama alikitazama kile kikombe. "Hiki tutakigawaje?"

"Hakigawanyiki, mama. Ni chako."

Mtoto wa jirani alikuwa amesimama mlangoni, ameifuata harufu. Nakiri kwamba nalimpa ndizi mbili nikamtuma maji, na mpaka leo sijui kama nalitenda haki. Mama aliketi kwenye kigoda, akanigeuzia mgongo kama mtu aonaye haya, akala polepole, mpaka nikasikia kijiko kikigonga bati.

Nalimwachia unga na sukari katika kopo, na magadi soda katika kikaratasi. Jumamosi iliyofuata nalikuta kile kikombe kimeoshwa, kimefudikizwa juu ya kinu, na kifuniko cha sufuria kina majivu mapya. Nalimwuliza kama amekula juma lile.

"Kidogo," akasema, akaenda kuchuma majani ya mbuzi.