Mizani Kumi na Sita Kwenye Kinanda cha Tarakilishi

Neno kinanda limehama mara nyingi. Katika kamusi za kale za Kiswahili, kinanda ni ala ya nyuzi, jamaa ya gambusi, ambayo mpigaji huipakata na kuicharaza kwa vidole. Baadaye jina lilo hilo likatwishwa ala zilizowasili kwa meli: kinanda cha kanisani kinachopumua kwa mivukuto, kisha piano, na hata mashine ya kuchezea sahani za muziki ikaitwa kinanda cha santuri. Kwa hivyo, mapema mwaka wa 2023, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alipoketi mbele ya tarakilishi katika maabara ya chuo, akafungua programu inayochora vitufe vyeupe na vyeusi kwenye kiwambo, hakupotoka alipomjibu mwenzake kwamba anajifunza kinanda. Mwenzake alicheka. Alichokiona yeye ni mtu anayepiga chapa kwa bidii huku hakuna neno hata moja linalotokea mbele yake.

Lugha, waama, ilikuwa imekwisha kumtangulia mwanafunzi huyo. Kitenzi kucharaza hutumika kwa gitaa na hutumika kwa kibodi, wala hakuna kamati ya istilahi iliyokaa kikao kuamua hivyo.

Binti huyo ni mzawa wa Mji wa Kale, Mombasa. Chuoni alisifika kwa mashairi yake ya arudhi. Vina vyake havikuyumba na mizani yake haikupungua wala kuzidi. Ala hakuwa amegusa yoyote isipokuwa makofi. Dada yake mkubwa alikuwa ameposwa na harusi ilipangwa kufanyika Desemba. Katika jamaa yao ilikuwa ada kwamba bibi mzaa mama humwimbia kila bi harusi wimbo uliotungwa kwa ajili yake peke yake. Bibi huyo alikuwa ameimba tangu enzi za lelemama, ngoma ya wanawake ambayo vyama vyake vilishindana katika mitaa ya Mombasa, na baadaye akawaimbia mabinti zake wote mmoja baada ya mwingine. Lakini kiharusi kilichompata mwaka wa 2021 kilimwachia maneno kikamnyang'anya uimbaji. Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika kabla pumzi haijaisha. Alipoambiwa kwamba wimbo wa safari hii ungetungwa na mjukuu, alitabasamu kwa upande mmoja wa uso.

"Maneno yako nayajua, mwanangu, ni mazuri. Na sauti utaitoa wapi?"

Swali hilo ndilo lililompeleka maabara. Hakuwa na fedha za kununua piano wala za kumlipa mwalimu wa muziki. Programu ilikuwa ya bure.

Mambo ya awali hayakumchukua muda. Katika programu nyingi za aina hiyo, safu ya kati ya kibodi hugeuka vitufe vyeupe: A ni do, S ni re, D ni mi, na kuendelea hadi K ambayo ni do ya juu. Safu ya juu yake hubeba vitufe vyeusi, yaani W, E, T, Y na U. Herufi R na I hunyamaza, kwa kuwa baina ya mi na fa, na baina ya ti na do, hakuna nafasi ya kitufe cheusi. Z huzishusha sauti zote kwa oktava moja na X huzipandisha, maana piano kamili ina vitufe 88 na kibodi haiwezi kuvibeba vyote kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza aliandika neno "dada" akasikia mi na do zikipokezana. Aliifurahia ajali hiyo kuliko alivyostahili, na baadaye akaifanya kuwa mwanzo wa wimbo.

Kisha zikaanza ila. Alipobonyeza vitufe vitatu kwa mpigo ili apate sauti zinazoafikiana, mara nyingine ya tatu haikutoka. Alidhani vidole vyake ni vizito. Fundi wa maabara akamweleza kwamba nyaya za kibodi za bei nafuu zimepangwa kwa safu za mlalo na za wima, na kwamba baadhi ya michanganyiko ya vitufe vitatu huikanganya mashine hata isijue ni kipi hasa kilichobonyezwa. Basi hukipuuza cha tatu. Kibodi iliundiwa mwandishi, na mwandishi hubonyeza herufi moja baada ya nyingine. Hasara haikuwa kubwa. Nyimbo za bibi yake hutembea kwa mstari mmoja wa sauti, na utamu wake umo katika mwendo wa mstari huo.

Ila ya pili ilikuwa nzito zaidi. Bartolomeo Cristofori wa Florence alipounda piano za kwanza, takriban mwaka wa 1700, alitia ndani yake nyundo ndogo zinazogonga nyuzi kwa kadiri ya nguvu ya kidole. Ndipo ala hiyo ikapewa jina kutokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya taratibu na kwa nguvu. Kitufe cha kibodi hakijui nguvu. Kinajua kubonyezwa na kuachwa tu. Tangu mwaka wa 1983, ulipotolewa mfumo wa MIDI unaoziwezesha ala na tarakilishi kuelewana, nguvu ya kila noti huandikwa kwa tarakimu isiyozidi 127, na kwa kuwa kibodi ya kuandikia haina habari hiyo ya kutoa, programu huzipa noti zake zote kiwango kimoja. Mwanafunzi alikuwa na kila sehemu ya piano ila ile iliyoipa jina. Ikambidi baadaye azipitie noti moja moja kwa kipanya, hii aipunguze, ile aiongeze, kazi ambayo kidole cha mpiga piano huifanya pasipo kufikiri.

Lakini lililomtaabisha kuliko yote, na ndilo linalowahusu wanafunzi wa ushairi, ni gridi. Programu huhifadhi kila noti kama kitofali: urefu wake ni muda, na kimo ilipo ni sauti yake. Kipimo kimoja cha mapigo manne hugawanywa katika vijumba 16. Kumi na sita! Mshororo wa shairi lenye vipande viwili vya mizani nane una idadi iyo hiyo. Aliona kana kwamba mashine na malenga walikuwa wamekwisha kuafikiana kabla yeye hajazaliwa. Akauchukua mshororo wake wa kwanza:

Pendaneni barabara, msije mkaachana.

Akaipa kila silabi kijumba chake, hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua, akabonyeza kitufe cha kuanzisha. Kilichotoka kilikuwa sahihi, na hakikuvumilika. Kilikuwa mlio wa cherehani.

Darasani mizani huhesabiwa kwa vidole juu ya dawati, na hesabu ikitimia mjadala hukoma. Neno lenyewe huleta picha ya kupima uzito, ilhali kinachofanywa ni kuhesabu idadi. Mwimbaji hapokei silabi kumi na sita zilizo sawa. Huivuta moja, huikimbiza nyingine, hupumua kwenye mpaka wa vipande, kisha hukirefusha kina cha mwisho kadiri pumzi inavyomruhusu. Hayo yote hayaonekani katika hesabu, na mhadhiri anayefundisha arudhi muhula mzima pasipo kughani hata ubeti mmoja huwaandalia wanafunzi wake miiba akaiita samaki.

Ichukuliwe silabi ya m. Katika "msije" na "mkaachana" m husimama peke yake bila irabu, na huhesabiwa mizani kamili. Gridi nayo iliipa noti kamili, pana na yenye nguvu sawa na noti ya a. Lakini midomo hufungwa m inapotamkwa; sauti hupita puani, haina mlango wa kutokea. Alipojaribu kuiimba kama ilivyopangwa alisikika kama mtu aliyeumwa na jino. Akaikata noti hiyo nusu, akaishusha, na muda uliobaki akaipa silabi inayofuata.

La kumtia haya zaidi lilikuwa "barabara". Alikuwa ameipandisha na kuirefusha silabi ya tatu ya neno hilo, kwa sababu hapo ndipo lahani ilipokuwa tamu. Kila aliyesoma fonolojia ya Kiswahili anajua kwamba mkazo ukikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho neno hilo ni njia ya magari, na ukirudi nyuma kwa silabi moja maana yake ni sawasawa. Mwanafunzi alikuwa ameyaeleza hayo katika mtihani akapata alama zote. Sasa alikuwa akiwausia maharusi wapendane, njia ya magari. Hakuna kitu katika karatasi kilichomwonya, kwani katika karatasi maneno hayo mawili ni mapacha. Ni mlio uliomfichua.

Mwezi wa Agosti alirudi Mombasa na kipakatalishi cha kuazima. Bibi alisikiliza wimbo wote macho ameyafumba.

"Yahesabu tu hiyo, mwanangu," akasema. "Haiimbi."

Akaomba aletewe sinia, akaanza kupiga mdundo kwa vidole vya mkono wa kushoto, ule uliosalimika. Mjukuu akafikiri kwamba mdundo huo ungeweza kunaswa. Akamwekea kibodi mapajani akamwonyesha kitufe kimoja cha kupiga. Bibi alipiga mara tatu akauondoa mkono. "Kinanijibu kama mtu aliyelala," akalalamika. Alisema kweli. Programu ilikuwa imewekwa ikusanye sampuli 2,048 za sauti kabla ya kuzitoa, na sampuli zikipita 44,100 kwa sekunde, kusubiri huko ni karibu milisekunde 46. Maabara nzima ilikuwa imeupokea uzito huo miezi mingi bila kuusikia. Mjukuu aliipunguza akiba hiyo hadi sampuli 256, yaani chini ya milisekunde 6, na mkono wa bibi ukarudi kitufeni.

Safari hii alikizima pia kile kifaa cha programu ambacho husogeza kila noti hadi kwenye mstari ulio karibu nayo. Mapigo ya bibi hayakuangukia mistarini. Pigo la tatu lilitangulia kidogo, la sita likachelewa. Angeyaita makosa, au alama za kiharusi, lau hayangerudi vivyo hivyo katika kila mzunguko: la tatu likitangulia kwa kiasi kile kile, la sita likichelewa kwa kiasi kile kile. Alizipanga upya silabi zake kumi na sita juu ya mapigo hayo, na mstari ukaanza kutembea kwa miguu ya mtu.

Ikabaki noti moja. Bibi aliivumisha kwa ile sauti yake nyembamba, mwishoni mwa kipande cha kwanza, na mjukuu akaitafuta. Kitufe cheusi cha E kilikuwa chini mno. Kitufe cheupe cha D kilikuwa juu mno. Baina yao piano haina kitu: oktava imegawanywa hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua ina sehemu 100 ziitwazo senti ambazo vidole haviwezi kuzifikia. Katika muziki wa Waarabu, ambao ni mmoja wa mito inayomimina katika taarab, noti za katikati zina majina na heshima zake. Katika Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka wa 1932 wataalamu walibishana kuhusu piano kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mwanafunzi alikuwa na shaka nyingine ambayo hakuthubutu kuitamka mbele ya mgonjwa. Huenda ikawa noti hiyo si ya wimbo; huenda ni koo lililochoka, linalolenga mahali na kuangukia pengine.

Mama yao mkubwa ndiye aliyeikata shaka hiyo. Alikuwa amehifadhi kaseti ya harusi yake ya mwaka wa 1994. Utepe ulikwaruza, watoto walipiga kelele, na juu yao sauti ya bibi, pana, haijaguswa na lolote, ikapita mahali pale pale baina ya vitufe viwili na kukaa hapo.

Mjukuu akashikilia D, akaivuta kwa kipanya nyenzo ya kupinda sauti iliyo kando ya kiwambo, akateremka polepole. Mkono wa bibi ulikuwa ukipungapunga, bado, bado. Senti 40 hivi chini ya kitufe cheupe ukatulia juu ya sinia.

Usiku wa harusi kipakatalishi kilibaki chumbani. Wimbo uliimbwa na binamu yao mwenye sauti nzuri, aliyeusikiliza kutoka kwenye simu yake kwa majuma matatu hadi akaimiliki hata ile noti isiyo na kitufe. Ilipopita mara ya kwanza wanawake wa makamo waliinua vichwa. Walipoomba irudiwe, binamu aliirudia. Bibi, aliyeketi mbele, alimvuta mjukuu kwa kanga, akamsogezea midomo sikioni.

"Hiyo m," akamnong'oneza, "bado waibana."