Siku Mbili Lilongwe na Watoto

Tangu turudi kutoka Lilongwe watu hawaachi kutuuliza. Wazazi wanauliza ilikula pesa ngapi na tulilala wapi. Watoto wa jirani wanauliza kama ni kweli kuna nyumba zenye ngazi zinazotembea zenyewe. Hizo ngazi hatukuziona. Mengine tuliyoyaona tumeona tuyaandike hapa, yasaidie familia nyingine inayofikiria kwenda, maana kwenda hospitali ni kitu kingine na kwenda kutembea na watoto ni kitu kingine kabisa.

Tulikuwa familia mbili, wakubwa watatu na watoto wanne. Watoto wote wanne wamezaliwa hapa Dzaleka. Mji uko kama kilomita 45 tu kutoka hapa, lakini wao walikuwa wanausikia kama vile sisi tulivyokuwa tunasikia Ulaya tukiwa wadogo.

Jambo la kwanza ni kibali, na hapo tusiende mbio. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake, na moja linahusu mkimbizi kuishi na kutembea anapotaka. Ndiyo maana tunakaa kambini na ndiyo maana tunaomba ruhusa kwa utawala wa kambi. Na tangu 2023 hili si jambo la kuchezea. Machi mwaka huo serikali iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wanaishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei polisi walianza kupita kuwakusanya. Wengi wenu mnayajua hayo kuliko sisi, mliletwa hapa na godoro na sufuria tu.

Basi, ombeni mapema, wiki nzima kabla kama mnaweza. Semeni sababu ya kweli. Sisi tulisema tunakwenda kumsalimia mama mmoja wa kanisa letu na kuwaonyesha watoto mji, basi. Kabla ya kutoka mlangoni mwa ofisi, soma karatasi yako: majina ya watoto wote yapo? Tarehe ya kurudi ni ile uliyosema? Sisi tulikuta jina la mtoto mmoja halipo, likaongezwa palepale. Lingeonekana barabarani ingekuwa habari nyingine. Karatasi ikae kwenye plastiki, pamoja na kitambulisho, mfukoni mwa mtu mmoja ambaye hasahau vitu. Kwetu huyo ni mama.

Gari tulipata asubuhi na mapema. Kuna minibasi, kuna taksi za kugawana, kuna na matola, lakini kwa watoto sisi tunasema minibasi. Muulize abiria mwenzako nauli kabla hujapanda, usimuulize kondakta kwanza. Siku ambazo mafuta yanakosekana nauli inapanda ghafla, kwa hiyo beba ziada ya kurudi na uiweke mbali na pesa ya matumizi, ikiwezekana kwenye soksi.

Kwenye kizuizi cha polisi watoto walikauka. Kabla ya safari tulikuwa tumewaambia wanyamaze wakiona polisi, na kweli walinyamaza mpaka yule mdogo wa miaka sita, ambaye shule imemfundisha adabu, akamwambia afisa "Muli bwanji, bwana." Afisa akacheka, akamjibu, akasoma karatasi yetu, akaturudishia na kutuambia "yendani bwino". Tuliendelea mwendo mrefu bila mtu kusema neno. Hatupendi kuwafundisha watoto wetu woga, lakini hatujui namna ya kuwafundisha tahadhari bila huo woga kuingia kidogo. Mwenye njia bora atuambie. Ila jambo moja tumeliona: Kichewa kizuri cha mtoto kinafungua njia. Wale tunaosema "Kichewa cha nini, sisi ni wa kuondoka" tulitafakari hapo.

Baada ya panda ya Dowa unashika barabara kubwa ya M1 kuelekea kusini, unapita Lumbadzi, na upande huo ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Kamuzu. Wengi wetu tunaujua kwa sababu ya wale tuliowasindikiza kwa machozi wakienda Marekani, Kanada au Australia. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na ndugu wengi waliokuwa wamefunga mabegi wamebaki wakingoja. Mzee mmoja kati yetu ni wa hao. Alitazama dirisha la upande wa pili.

Halafu Kanengo, penye viwanda na minada ya tumbaku. Ukipita msimu wa kuuza, harufu ya tumbaku inaingia mpaka ndani ya gari. Baada ya hapo, kabla hujafika tauni, ndipo unashuka kwa ajili ya Area 49.

Hapa tuseme kidogo kuhusu hizi namba, maana zinachanganya. Lilongwe ilifanywa mji mkuu mwaka 1975, ikachukua nafasi ya Zomba, na mitaa yake ilipewa namba kwa kadiri ilivyopangwa, si kwa kufuatana. Area 2 ni kule tauni kwenye maduka, Area 18 iko mahali pengine kabisa, na ukiwa Area 49 usidhani Area 50 iko nyuma ya ukuta. Ukipotea usihesabu, uliza. Tena uliza jina la mahali penyewe, siyo namba tu, kwa sababu Area 49 ni kubwa: kuna Gulliver, kuna upande wanaouita Baghdad, kuna na Dubai. Sisi tulilala Dubai. Watoto wamesharudi shuleni wanawaambia wenzao wamelala Dubai, na hatujaona sababu ya kuwasahihisha.

Kulala kwa mtu unayemjua ndiko kulikotuokoa. Nyumba za wageni zinataka pesa, na zitataka pia kujua wewe ni nani. Yule mama Mmalawi alitupa chumba kimoja na sebule. Tulikwenda na kilo tatu za maharage, sukari na chumvi, tukampa kabla ya kukaa, maana watu saba siyo mzigo mdogo kwa nyumba ya mtu. Waambieni watoto mapema habari ya bomba la ndani. Maji yale yanalipiwa, siyo kama pampu yetu ambayo unalipa kwa foleni. Wetu walikuwa wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga, mpaka mama mwenyeji mwenyewe akasema waache, ni siku mbili tu. Na bebeni sweta ikiwa ni Juni au Julai. Watu wanadhani baridi ni ya Dowa peke yake.

Kulikuwa na kazi moja tuliyotumwa. Jirani yetu hapa kambini aliishi Area 49 miaka mingi na alikuwa na kaduka kadogo ka unga, mafuta na sabuni, mpaka 2023. Alituchorea ramani nyuma ya daftari la mtoto: shuka hapa, pita kanisa, kata kushoto penye nguzo ya umeme. Alitaka tukaangalie tu. Tulifika. Duka lipo, limepakwa rangi nyingine, kijana mmoja anauza vocha na vinywaji baridi. Tulinunua maji, hatukujieleza. Ule muembe aliousema alioupanda nyuma upo, umepita paa. Watoto walituuliza kwa nini tusimwambie yule kijana kwamba duka ni la jirani. Tuliwaambia kijana huyo hakumnyang'anya mtu, amepanga kama mwingine yeyote. Jibu hilo ni kweli, lakini halikuwatosha, na sisi pia halikututosha. Jirani tulipomletea habari aliuliza mambo mawili tu: kama muembe umezaa, na kama bei ya sabuni imeandikwa.

Siku ya pili tulikwenda tauni. Kondakta alikuwa anaita "Kawale! Kawale!" na mtoto wetu akang'ang'ania kwamba gari hilo linarudi nyumbani, kwa sababu anajua Kawale ya hapa kambini tu. Kumbe majina ya mitaa yetu yametoka huko: Kawale ni mtaa wa Lilongwe, Likuni pia iko pembeni ya mji.

Soko kuu na soko la Tsoka ni pazuri kwa macho na pabaya kwa mifuko. Simu ikae kwa mama, ndani ya nguo. Kuvuka mto Lilongwe pale sokoni kuna vidaraja vya miti ambavyo vijana wamejijengea, na wanaokuvusha wanataka hela kidogo, kwa hiyo shika noti ndogo mkononi, usifungue pochi katikati ya daraja. Wakati wa masika mto unapojaa msivuke hapo na watoto, zungukeni kwenye daraja kubwa la magari. Nguo za mitumba zina bei kuliko tulivyodhani. Ila sufuria tuliona nafuu kuliko kambini, tukanunua moja. Maeneo ya stendi ya mabasi tulisikia Kiswahili cha watu wa mabasi yanayotoka Tanzania. Tulisimama tu kusikiliza, kama mtu anayesikia redio ya kwao. Msikae hapo sana lakini, ni mahali pa wezi na pa kelele.

Mahali tulipokaa muda mrefu ni kaburi la Kamuzu Banda, upande wa City Centre. Alifariki 1997, na jengo hilo lilifunguliwa 2006. Lina nguzo nne kwa ajili ya yale mambo manne aliyowahimiza watu wake: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Mzee wetu aliwaketisha watoto kivulini akawaeleza kwamba mtu huyu aliongoza nchi tangu uhuru wa 1964 hadi aliposhindwa uchaguzi mwaka 1994, na kwamba zamani zake Dzaleka ilikuwa gereza, watu waliofungwa kwa ajili ya siasa walipelekwa pale. Mwaka huohuo wa 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi. Watoto hawakuwa wanajua. Msichana wa miaka kumi na tatu aliuliza kama nyumba yetu ilikuwa chumba cha gereza. Hapana, yetu ni ya matofali tuliyofyatua wenyewe. Akakaa kidogo akauliza, sasa wale wafungwa waliruhusiwa kwenda Lilongwe? Mzee alisema hilo tutaliongea nyumbani, na kweli tumeliongea, siyo mara moja.

Kituo cha Wanyamapori cha Lilongwe kiko kati ya mji wa zamani na City Centre. Wanyama wengi waliopo wameokolewa kwa watu waliowafunga au kuwauza, na wanaoweza kurudi porini hurudishwa. Kuna kiingilio, ulizeni kwanza bei ya watoto. Msiende mkitegemea kuona simba kila kona. Watoto wetu walipenda nyani kuliko vyote, bila shaka kwa sababu wana tabia zao.

Chakula: chipsi na kabichi za kukaangwa barabarani zinashibisha na hazina mambo mengi, lakini chagueni mahali mafuta hayajawa meusi. Mandasi ya asubuhi ni yaleyale mandazi yetu, jina tu limebadilika. Sisi tulibeba pia bugali na usipa mkavu kutoka nyumbani, tukala kwenye nyasi bila aibu yoyote. Kilichokula pesa yetu hasa ni magari ya ndani ya mji, kutoka Area 49 kwenda tauni na kurudi, watu saba. Tungekuwa na siku moja tu tungeacha soko, tungekwenda kaburini na kwa wanyama, basi.

Kurudi, ondokeni mjini kabla ya saa tisa mchana. Magari ya kuelekea panda ya Dowa yanangoja kujaa, na hapo pandani giza likiwakuta na watoto mtatafuta gari kwa bei ya dereva. Sisi tulifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro, kibali kikiwa bado na saa sita za uhai. Kesho yake baba mmoja alipita ofisini kuwaonyesha kwamba tumerudi wote saba. Hakuna aliyemtuma. Alisema anataka siku familia nyingine ikiomba, wawe wanakumbuka kwamba sisi tulirudi.