Nilifuta Nisichokijua

Wasomaji wa gazeti letu mtakumbuka kwamba toleo la muhula wa pili mwaka jana lilichelewa kutoka, na lilipotoka lilikuwa jembamba kama daftari la darasa la kwanza. Mhariri aliandika kuwa sababu yake ni hitilafu ya mashine. Hakusema uongo, ila alinisitiri. Hitilafu hiyo ilikuwa mimi. Kwa kuwa huu ni mwaka wangu wa mwisho hapa shuleni, naomba nafasi niwaeleze mambo yalivyokuwa, na pamoja na hayo niwape habari za mfumo nilioufuta, maana nilipozijua habari zake ndipo nilipoona haya ya kweli.

Mimi ni mtoto wa Makambako. Nyumbani kwetu si mbali na stesheni ya reli ya TAZARA, na kaka yangu ana steshenari karibu na njia panda, pale magari ya Njombe na Songea yanapoachana na yale ya Mbeya. Kazi yake ni kuchapa barua za watu, kutoa nakala na kupiga picha za pasipoti. Kompyuta yake hutumia Windows, nami tangu kidato cha kwanza nilikaa naye kila likizo nikajifunza. Nia yangu ilikuwa moja tu: kama sikuchaguliwa kuendelea na kidato cha tano, nishike kazi ile ya dukani.

Basi nilipofika hapa Njombe, katika baridi hii mnayoijua, nilikuta chumba cha kompyuta chenye mashine 11 kuukuu za msaada, zote zikiwa na mfumo uitwao Linux. Sikuona kitu hata kimoja nilichokizoea. Nikazidharau. Likizo ilipofika nikamsimulia kaka, naye akacheka akasema, "Mdogo wangu, kitu cha bure kina thamani gani? Jifunze kitu cha kazi." Maneno hayo yakanikaa moyoni.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, nilichaguliwa kuwa kiranja wa chumba kile. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Jumamosi moja, wenzangu wakiwa uwanjani, niliingia na flashi niliyotoka nayo Makambako, yenye Windows ndani yake. Nilitaka mashine moja tu nifanyie mazoezi ya dukani. Pembeni palikuwa na mashine isiyo na skrini wala kibodi, ambayo sikupata kumwona mtu ameikalia. Nikasema moyoni, hii ni ya ziada, haina mwenyewe. Nikaichomekea skrini na kibodi, nikaanza kazi. Mashine iliniuliza kama nina hakika ya kufuta kila kitu kilichomo. Nikajibu ndiyo. Ikaniuliza mara ya pili, nikajibu ndiyo tena.

Jioni wenzangu wakaingia. Mashine 10 ziliwaka vizuri kama kawaida, lakini kila aliyetaka kufungua kazi yake hakuona kitu. Ile mashine isiyo na skrini ndiyo iliyokuwa ghala ya zote. Kila insha, kila zoezi, na makala 23 za gazeti hili zilizokuwa zimechapwa kwa muda wa wiki tano, vyote vilikuwa humo. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alikuwa ameandika habari za marehemu bibi yake, na karatasi aliyoandikia kwa mkono alikwisha kuitupa. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, itarudi?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikaenda kwa mwalimu wetu wa kompyuta nikakiri kosa. Nilitazamia viboko, au kufyeka majani wiki nzima. Mwalimu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kijana, umefuta kitu usichokijua. Nenda ukakijue." Adhabu yangu ikawa hii: kwanza nichape upya makala zote ambazo karatasi zake zilikuwapo bado, nazo zilikuwa 14, kisha kila Jumamosi nisome habari za mfumo ule, niziandike, nimsomee. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Mfumo endeshi ni kama mwalimu wa zamu. Yeye hafundishi somo lolote siku ile, lakini ndiye apigaye kengele, agawaye zamu za bwaloni, na kuamua nani aingie na nani angoje. Programu ni wanafunzi. Pasipo mwalimu wa zamu hakuna kinachokwenda.

Linux ilifuata mfano wa mfumo wa kale uitwao Unix. Huo ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani. Ken Thompson aliuanzisha juu ya mashine iitwayo PDP-7, iliyokuwa imepitwa na wakati na isiyotumiwa sana, na mwenziwe Dennis Ritchie akashirikiana naye. Naam, mfumo ulio mashuhuri namna hii ulizaliwa juu ya mashine kuukuu ambayo haikuwa na watu wengi wa kuitaka! Mwaka 1973 waliuandika upya kwa lugha ya C, ambayo Ritchie aliibuni, na tangu hapo ikawa rahisi kuuhamisha kutoka mashine ya aina moja hadi ya aina nyingine.

Maabara ile ilikuwa mali ya kampuni ya simu ya AT&T. Kwa mapatano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani, kampuni hiyo haikuruhusiwa kufanya biashara ya kompyuta. Basi Unix ikapelekwa katika vyuo vikuu kwa malipo kidogo, pamoja na maandishi yake yote ya ndani, watu wayasome na kuyatengeneza. Katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, mwanafunzi mmoja aitwaye Bill Joy alijitia katika kazi hiyo kwa bidii nyingi, na Unix ya Berkeley ikapata sifa kubwa.

Siku zile desturi ilikuwa kompyuta moja kubwa kutumiwa na watu wengi kwa pamoja. Andy Bechtolsheim, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Stanford, akabuni kompyuta ya kukaa mezani kwa mtu mmoja, yenye nguvu ya kumtosha mhandisi, yenye skrini ya kuonyesha michoro, na yenye kuunganishwa na wenzake kwa waya. Mwaka 1982 yeye na Vinod Khosla, mzaliwa wa India, na Scott McNealy, walianzisha kampuni ya Sun, na Bill Joy akajiunga nao. Mfumo wa mashine zao uliitwa SunOS, nao ulitokana na Unix ya Berkeley. Huku kwetu mambo yalikuwa mbali na hayo: mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla mlango haujafunguka vizuri.

Mwaka 1984 watu wa Sun walibuni njia iitwayo NFS. Kwa njia hiyo, faili zinakaa katika mashine moja, na mashine nyingine zinaziona kama kwamba zimo ndani yao wenyewe. Wakaeleza hadharani jinsi inavyofanya kazi, ili kampuni nyingine nazo ziitumie. Ghala ya chumba chetu inatumia njia hiyo hiyo. Niliposoma sehemu hii nilifunga daftari, sikuweza kuendelea siku ile. Mashine niliyoiita haina mwenyewe ndiyo iliyokuwa ya kila mtu.

Baada ya hapo yakaja magomvi. Kila kampuni ikawa na Unix yake: Sun na SunOS, IBM na AIX, Hewlett-Packard na HP-UX, Silicon Graphics na IRIX. Zote zilikuwa ndugu, lakini programu ya huku mara nyingi haikukubali kwenda kule mpaka itengenezwe upya. Sisi watu wa Makambako twaweza kulielewa jambo hili upesi. Reli yetu ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, na Reli ya Kati ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, haifiki upana wa kiganja. Hata hivyo behewa la kawaida haliwezi kutoka reli hii likapita katika ile, na Kidatu paliwekwa mahali pa kupakulia mzigo na kuupakia upya.

Mwaka 1987 Sun na AT&T wakapatana kuunganisha mifumo yao. Kampuni nyingine zikaogopa, zikaunda umoja wao mwaka 1988. Mwaka 1992 Sun ikatoa mfumo mpya, Solaris 2, uliojengwa juu ya msingi wa AT&T, na watu wengi waliouzoea ule wa Berkeley wakanung'unika. Wakubwa walipokuwa wakivutana hivi, mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alitoa kiini cha mfumo alichokiandika mwenyewe katika kompyuta ya kawaida ya nyumbani, nacho kikaitwa Linux. Kiini hicho kilipounganishwa na zana za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, watu wakapata mfumo kamili wa namna ya Unix kwa mashine za bei nafuu. Wateja wakaanza kuzikimbia mashine za bei kubwa.

Sun ilifungua sehemu kubwa ya maandishi ya Solaris mwaka 2005, lakini wakati ulikwisha kupita. Mwaka 2010 kampuni nzima ikanunuliwa na Oracle, na mlango ukafungwa tena. Walakini kilichokwisha kutolewa hakikuweza kurudishwa: watu walikichukua wakakiendeleza kwa jina la illumos, nacho kipo hata leo.

Sasa nafika pale paliponigusa kuliko pote. Mwaka 1999 Sun ilinunua kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza programu za kuandikia barua na kupigia hesabu. Mwaka 2000 ikaziweka wazi kwa watu wote, zikaitwa OpenOffice. Basi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Uswidi, walikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Iliwapasa kwanza wapatane juu ya maneno, jambo hili tuliiteje na lile tuliiteje, kisha wakatafsiri. Mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, kwa lugha yetu ya Kiswahili. Hawakumngoja mwenye kampuni aone faida ya Kiswahili kwanza, maana mlango ulikuwa wazi. Na LibreOffice, ambayo imechapa gazeti hili mnalolishika mkononi, ilizaliwa na OpenOffice hiyo mwaka 2010.

Sun haipo tena, lakini vile ilivyowapa watu vipo, na kimoja kilifika kwetu kwa lugha yetu. Ndivyo nilivyojibu moyoni mwangu lile swali la kaka juu ya thamani ya kitu cha bure. Kitu cha bure kina gharama, ila imekwisha kulipwa na wengine kwa kazi yao.

Likizo ya mwaka huu nilimweleza kaka habari hizi. Akasema ni hadithi za shuleni. Nikamwomba simu yake, ile ya Android anayopokelea fedha za wateja, nikamwambia, "Kaka, ndani ya simu hii kiini chake ni Linux." Akaigeuza nyuma akaitazama, kama aliyetazamia kuona imeandikwa hapo. Kompyuta ya dukani hakuibadilisha, na siwezi kumlaumu, maana wateja wake huja na faili za Windows na yeye hula kwa kazi hiyo. Lakini alinipa mashine iliyokuwa imetupwa stoo tangu mwaka juzi. Nikaiwekea Linux, na sasa inachapa barua pale ile nyingine inapokuwa na foleni.

Ndugu zangu wa vidato vya chini, mtakaopewa ufunguo wa chumba kile, nawaachia maneno mawili. La kwanza, usikifute usichokijua, hata kama kinaonekana hakina mwenyewe. La pili, weka nakala. Katika mifumo ya jamii ya Unix amri ya kunakili ni herufi mbili tu, cp. Siku ile ningezijua herufi hizo mbili na kuzitumia, nisingekuwa na la kuungama leo. Sasa kila Ijumaa baada ya prepu mimi hunakili kazi zote katika mashine mbili tofauti, na kiranja mpya nimemwonyesha.

Yule mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye sasa yu kidato cha tatu, ameandika tena habari za bibi yake, nami nilimchapia. Mtaziona katika toleo hili hili. Ni nzuri sana. Lakini nilipomsifu alinishukuru, kisha akasema kwamba ile ya kwanza ilikuwa na maneno ya bibi ambayo sasa hayakumbuki. Kwake yeye, na kwa wote waliopoteza kazi zao siku ile, naomba radhi.