Kitabu Kilichokatazwa

Huko Paris mwaka 1857 Gustave Flaubert alishtakiwa kwamba riwaya yake, Madame Bovary, yaharibu tabia njema. Mahakama ikamwachilia. Karibu nasi, Tanzania, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilikatazwa shuleni kwa sababu hiyo hiyo, baadaye ikaruhusiwa.

Huku Butembo na Beni wazazi hutuuliza sisi makatekista: je, tuwanyang'anye watoto vitabu vya namna hii? Tutazame kwanza chasema nini. Rosa alilelewa na baba mlevi, kwa fimbo na hofu. Alipotoka chini ya macho yake, akaanguka. Kumbe kufuli peke yake hailindi moyo. Basi, enyi wazazi, someni pamoja nao, mkawafundishe.