Mrefu Juu ya Pikipiki Fupi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watu wengi wakiona jitu refu limejikunja juu ya pikipiki, magoti yakielekea mbavuni, hucheka. Mimi nina futi 6 na inchi 4, na pikipiki ndiyo shamba langu. Hubeba abiria kati ya Litein, Kapkatet na vijiji vya majani chai hadi upande wa Bomet.

Pikipiki zilizofurika nchini baada ya serikali kuondolea kodi zile za chini ya sisi 250 mwaka wa 2008, nyingi ni ndogo. Kwa mtu mrefu, nafasi kati ya kiti na vikanyagio haitoshi. Goti hujikunja mno, mgongo hupinda, na jioni kiuno huwaka moto.

Lakini maumivu si hatari kubwa. Hatari ni goti kuzuia usukani. Huku kwetu mvua hunyesha sana, na udongo mwekundu ukilowa huteleza kama mlenda. Gurudumu likianza kukimbia, dereva hana budi kugeuza usukani upesi. Mkono ukigonga goti, wote wawili mko mtaroni, wewe na mama aliyekukabidhi maisha yake.

Tiba ipo, na haihitaji mtaalamu wa ng'ambo. Fundi wa viti anaweza kuongeza sponji ya inchi mbili hivi. Iwe ngumu, kwani laini hudidimia na kukurudisha palepale. Usukani nao hulegezwa boliti, ukasogezwa mbele kidogo, kisha ukakazwa. Baada ya hapo ugeuzwe kulia na kushoto mpaka mwisho, pikipiki ikiwa imesimama, kuhakikisha nyaya za klachi na breki hazivutiki. Vioo virekebishwe pia, maana macho yamepanda juu.

Dawa iliyo chungu ni kukaa nyuma zaidi. Inchi ninazochukua ni za abiria. Sheria yaruhusu abiria mmoja tu, lakini wenzangu hupakia wawili, hata watatu, hasa siku ya soko. Hunicheka: "Ndugu yetu, watoto watakula urefu wako?" Swali hilo huuma, kwa sababu karo hailipwi kwa magoti mazima. Hata hivyo, nimekubali kurudi nyumbani na pungufu. Baba aliyevunjika mgongo halipi karo yoyote.

Mchai wenyewe unanipa moyo. Ukiachwa tu, huwa mti mrefu. Wakulima huupogoa ukabaki kiunoni, ili mkono wa mchumaji ufike bila taabu. Ikiwa mmea hutengenezwa umfae mtu, kwa nini chuma kisitengenezwe?

Basi, mzazi unayemnunulia kijana pikipiki ya kazi, usiende dukani peke yako na pesa mfukoni. Nenda naye. Mwambie akae, aweke miguu kwenye vikanyagio, ageuze usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Ukigusa goti, ulizieni nyingine, au mtenge fedha za fundi kabla hajabeba mtu. Viatu vya shule hupimwa mguuni kabla ya kulipiwa. Chombo cha kubeba roho mbili kisipimwe?