WAYA WA DISHI SIO WAYA TU, MUULIZENI BRO WA MBAMBA BAY

Leo tuwaache mastaa wapumzike, tuongelee kitu kinachowaleta mpaka sebuleni kwako: waya wa dishi.

Kuna bro mmoja Mbamba Bay, jina kapuni, ana kibanda umiza. Siku ya Simba na Yanga watu wamejaa, wavuvi wameacha mitumbwi ufukweni, kila mtu kashalipa. Mpira unakaribia kuanza, chaneli ya mechi haipo! Zingine zinashika fresh tu. Bro karudisha hela za watu zote. Iliniuma sana, maana hela ile ndo ilikuwa ada ya mdogo wake.

Maneno yakaanza. Wengine kalogwa, wengine king'amuzi kibovu. Fundi alipokuja kutoka Mbinga mjini akashika waya tu, akacheka. Dukani bro aliuziwa RG59 akiambiwa ni wa dishi, na dishi lenyewe lipo mbali, nyuma ya miembe.

Iko hivi. Waya unaoleta picha ndo huohuo unaopeleka umeme kwenye LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi. King'amuzi kinatuma volti 13 kwa kundi moja la chaneli, volti 18 kwa kundi lingine. Waya ukiwa mwembamba na mrefu umeme unapungua njiani, 18 haifiki, kundi zima la chaneli linapotea. Uchawi uko wapi hapo?

Sasa shika hizi:

RG6: huu ndo wa dishi na antena ya nyumbani.

RG11: mnene, mgumu kukunja, kwa umbali mrefu.

RG59: mwembamba, unafaa kamera za ulinzi za karibu.

RG58: wa redio za mawasiliano. Huu ni omu 50, hao wengine omu 75, kwa hiyo usiuchomeke kwenye tivii.

Ukienda dukani beba sumaku. Ikinasa kwenye uzi wa katikati, ujue ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa dishi la mbali tafuta shaba tupu. Na kwa mvua za huku kwetu, funga koneta tepu ya kuzuia maji.

Bro kaweka RG6 ya shaba, king'amuzi kilekile, chaneli zote zimerudi. Ila wateja wengine washahamia kibanda cha jirani.

Tunanunua tivii ya laki kadhaa halafu tunabania waya! Wewe kwako umefunga upi? Katazame kwanza maandishi kwenye ganda, kisha uje hapa tubishane.