Barua kutoka Kentucky: Jumamosi za Kodi

Shangazi,

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli wanafunzi wa chuo wa huku wanafanya kazi bila malipo, na kama ni kweli, wamekosa nini. Salio likaisha kabla sijajibu. Mshangao wako nauelewa. Huko nyumbani anayejitolea mara nyingi ni mhitimu aliyekaa mtaani mpaka akachoka, anafundisha shule ya kata kwa nauli ya kuchangiwa na wazazi, akiomba Mungu jina lake litoke siku ajira zikitangazwa. Huku anayejitolea ni mtoto aliyeshiba, yuko mwaka wa pili, na wala hasubiri kuajiriwa pale anapojitolea.

Hapa Lexington tuna Wakongo wengi. Ukiingia duka la vyakula vya Kiafrika, Kiswahili cha Uvira na Bukavu kinakupokea kabla ya muuzaji. Wengi walipitia kambi za Tanzania na Burundi, sasa wanafanya kazi kwenye maghala na viwanda, zamu za usiku. Na kila mwaka, kuanzia Januari mwishoni hadi tarehe 15 Aprili, wote wanakumbana na kitu ambacho kambini hakikuwepo: ritani ya kodi. Huku kila mtu anawasilisha yake mwenyewe. Mwajiri anakupa karatasi iitwayo W-2 inayoonesha ulicholipwa na ulichokatwa, halafu ni juu yako kuieleza serikali unadaiwa au unaidai.

Familia yenye kipato kidogo na watoto mara nyingi ndiyo inayoidai. Kuna nafuu maalumu kwa wafanyakazi wa kipato cha chini ambayo, ukiwa na watoto watatu, inaweza kupita dola 7,000. Ndiyo maana msimu huu una vishoka wake. Wanafungua ofisi za muda, wanatoza dola mia mbili au mia tatu, na wengine wanakukopesha marejesho yako mwenyewe kwa riba.

Hapo ndipo wanafunzi wanapoingia. Mamlaka ya kodi, yaani TRA ya huku, ina mpango wa zaidi ya nusu karne wa kuwaandalia ritani bure watu ambao kipato chao cha mwaka hakizidi kiwango fulani. Kwa kifupi cha Kiingereza unaitwa VITA. (Ndiyo, bango la mlangoni limeandikwa hivyo hivyo, na mtu wa Kivu akiliona husita kidogo.) Vituo vinakaa maktaba, makanisani, kwenye ofisi za jumuiya za wahamiaji. Mezani wanakaa vijana wa uhasibu kutoka chuo, na mimi Jumamosi huenda kutafsiri.

Jumamosi moja ya Februari mama mmoja alimwaga mezani mfuko wa plastiki uliobeba kila karatasi aliyopewa tangu ashuke ndege: kadi za chanjo, bili za umeme, barua za shule, na W-2 tatu kutoka maghala matatu. Kijana aliyempokea alizipanga mafungu bila haraka. Alipofika kwenye tarehe za kuzaliwa akasimama. Baba, 1 Januari. Mama, 1 Januari. Watoto wawili wakubwa, 1 Januari. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mashine ilikosea. Nikamwambia kwamba mkimbizi asiyejua siku aliyozaliwa hupewa hiyo. Akaitikia, akaandika, akaendelea.

Mtoto wa nne alikuwa na jina la ukoo tofauti.

“Ni wako?”

“Ni wangu.”

“Umemzaa wewe?”

Mama akanigeukia mimi, kwa macho ya kuuliza huyu mtoto kafunzwa na nani. Kijana akabadilisha swali: mama yake mzazi ni nani? Dada yake, marehemu. Uso wa kijana ukachanua. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, mtoto wa dada anahesabiwa sawa na wa kumzaa, mradi ni mdogo na ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Angekuwa mtoto wa binamu, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Kishoka angeandika tu “mwana”, akachukua chake, na siku barua ya ukaguzi inafika mama angekuwa peke yake.

Huruma peke yake, Shangazi, isingemfikisha yule kijana kwenye swali lile. Kabla ya kugusa karatasi ya mtu alifanya mtihani wa mamlaka ya kodi, ambao usipopata asilimia 80 hukai mezani. Na alipomaliza, ritani haikwenda popote mpaka mtu wa pili aipitie mstari kwa mstari. Siku ile mtu wa pili alikuwa binti yangu, ambaye nyumbani hawezi kukumbuka alikoweka funguo. Alimrudishia mwenzake fomu kwa sababu ya namba moja ya akaunti ya benki.

Linganisha na Jumatatu ya tatu ya Januari, sikukuu ya Martin Luther King, ambayo sheria ya 1994 iliifanya siku ya kujitolea nchi nzima. Siku hiyo vyuo vinamwaga vijana kwa mabasi, fulana za rangi moja, kupanga makopo ya chakula kwenye ghala la msaada. Wanapiga picha, saa nane wamekwenda. Mratibu mmoja aliniambia huanza wiki mbili kabla kuwatafutia la kufanya. Mimi siwabezi, ila usiniambie kwamba ni kitu kimoja na cha akina sisi wa fomu.

Na si kwamba wote hawalipwi. Serikali kuu inavipa vyuo fedha za kuwalipa wanafunzi wahitaji kwa kazi za muda, na sheria inavitaka vitenge angalau asilimia 7 ya fedha hizo kwa kazi za jamii. Kwa hiyo mwenye njaa naye anaweza kuja mezani. Hakuna anayelazimishwa, ingawa wapo wanaokuja kwa ajili ya wasifu tu, na wanajulikana. Wewe unaikumbuka Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kuikataa JKT ya lazima, Mwalimu akawarudisha makwao na kujipunguzia mshahara wake mwenyewe. Huku wangeandamana mpaka White House.

Kasoro yao kubwa ni kalenda. Katikati ya Machi, msimu ukiwa umepamba moto, chuo kinafunga wiki nzima, na foleni yetu inatoka nje hadi maegesho ya magari. Mratibu wa kituo chetu, ambaye ndiye mwajiriwa pekee pale, huwabembeleza wagawane, nusu wabaki. Mwaka huu walibaki wachache, na wastaafu wawili wa benki ndio waliotuokoa. Binti yangu alikwenda Florida kuogelea. Picha nitakutumia WhatsApp, lakini Babu usimwoneshe.

Wasalimie wote hapo.